Barua kwa Mama Upendo kuhusu maumivu ya Mama na mgongo wako

Uyole, Mbeya
Mwezi Juni

Mpendwa Mama Upendo,

Kamwene. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi ya mwezi huu imetushika kama inavyowashika ninyi huko Mafinga. Barua yako nimeipata, na imeniumiza moyo. Umeuliza kama mumpe Mama mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu aliyoandikiwa hospitali, maadamu saratani ya titi imefika kwenye mifupa na baba mdogo anaikataza, na kama wewe nawe unaweza kunywa kidogo kwa ajili ya mgongo wako. Kwa Mama nasema mpeni. Kwa mgongo wako nasema usiionje kabisa.

Nianze na Mama, kwa kuwa yeye hawezi kungoja. Baba mdogo anaiita dawa ya kumsindikiza mtu, na naelewa hofu hiyo imetoka wapi: wagonjwa wetu wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, wakapewa mofini katika siku za mwisho, na ndugu wakaona dawa na kifo vimeongozana. Kilichowaua ni saratani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza mofini katika mwongozo wake wa maumivu ya saratani tangu mwaka 1986, na hapa kwetu hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT), zikianzia Selian kule Arusha, zimewauguza watu majumbani kwa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye ugonjwa mzito.

Jambo kubwa ni kuitoa kwa saa, bila kungoja alie. Ukingoja maumivu yarudi, utahitaji dawa nyingi zaidi kuyatuliza. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo kawaida hutolewa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, na mara nyingi daktari huongeza kipimo hicho cha mwisho ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Andika saa hizo kwenye karatasi, uibandike ukutani karibu na kitanda, na uweke alama kila anapokunywa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa maana vijiko vya nyumbani havilingani. Siku mbili tatu za kwanza atasinzia na pengine kusikia kichefuchefu, kisha hali hiyo hupungua. Ila kufunga choo hakuishi, hivyo msikubali kuondoka hospitali bila dawa ya kulainisha choo. Akilala usingizi usioamshika au akipumua polepole mno, msimpe dozi nyingine, mkimbizeni hospitali. Chupa ifungiwe mbali na watoto.

Muulizeni daktari pia kuhusu mionzi, kwani maumivu ya mifupa mara nyingi hupungua hata kwa mionzi ya mara moja, ingawa nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa. Safari ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ipimwe kwa nguvu alizonazo. Miguu yake ikianza kulegea au kufa ganzi, asilale nyumbani siku hiyo.

Mgongo wako ni shauri jingine. Maumivu ya mgongo yaliyopita miezi mitatu huitwa sugu, na mwaka 2023 Shirika hilohilo lilishauri yatibiwe kwa elimu, mazoezi, fiziotherapia na dawa kama diklofenaki, likapinga dawa za jamii ya mofini pamoja na mikanda ya kiunoni. Mwili huizoea dawa hiyo, kipimo kinapanda, na mgongo unabaki palepale. Tramadoli aliyokupa jirani ni ya ukoo huohuo, mrudishie. Diklofenaki nayo itumie kwa muda mfupi, ukiwa umekula, na usiiguse kama una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo.

Nilivyokusoma, unamwinua Mama peke yako kila anapogeuzwa. Hapo ndipo pa kurekebisha kwanza. Mlaze juu ya shuka iliyokunjwa mara mbili, mtu mmoja ashike upande huu na mwingine upande ule, mmvute kwa pamoja huku mkikunja magoti badala ya kiuno; Mama mwenyewe hataumia sana akigeuzwa hivyo. Usishinde kitandani ukingoja kupona, tembea kila siku, na ndoo za viazi wabebe vijana. Lakini ukiona homa, jasho la usiku na kukonda, omba upimwe kifua kikuu, maana hushambulia pingili za mgongo. Na ukishindwa kuzuia mkojo au ukifa ganzi katikati ya mapaja, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Baba mdogo mwambie anipigie jioni, nami nitazungumza naye kwa heshima zote. Ukishaonana na daktari, niandikie amempa Mama kipimo gani, analala saa ngapi usiku, na kama amepata choo.

Wasalimu watoto.

Ndimi rafiki yako,
Atupele