Mkono wa kulia wa Charlie Watts

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na pilikapilika. Umeniuliza kwa nini mdundo mwepesi kabisa wa Rolling Stones, ile bendi ya roki ya Uingereza, unatembea, lakini bendi yenu ikiupiga uleule unalala. Jibu limo kwenye mkono wa kulia wa mpiga drams wao, Charlie Watts.

Tafuta video ya jukwaani ya miaka yake ya baadaye umtazame pale kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali ya mguu wa kushoto. Wapigaji wengi wa roki hugonga haihati mara nane katika kila bari, yaani kila hesabu ya nne: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Charlie anagonga sita. Kwenye mbili na kwenye nne, mkono wa kushoto unaposhuka juu ya snea (ile ngoma ndogo ya katikati yenye mlio mkali), wa kulia unanyanyuka na kuiacha haihati kimya. Snea inabaki peke yake, bila lile "chii" la toazi juu yake, ndiyo maana inasikika nene hata asipoipiga kwa nguvu. Na kweli hakuwa mtu wa nguvu.

Anza na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 70 kwa dakika, bila mguu wa kulia. Mkono wa kulia: moja-na, kimya, na, tatu-na, kimya, na. Wa kushoto unajaza vile vimya viwili. Ukishatulia, ongeza ngoma ya mguu kwenye moja na tatu. Usipande hadi 100 kabla hujaweza kupiga dakika tatu mfululizo bila kuyumba. Kitakachokusumbua ni ile "na" inayofuata snea: mkono ukipanda juu sana, unarudi kwa pupa na kutua mapema, basi wimbo mzima unaanza kukimbia. Unyanyue sentimita chache tu, na uhesabu kwa sauti. Mguu wa kushoto nao uendelee kukandamiza pedali. Watu wengi wakinyanyua mkono hulegeza na mguu, haihati ikaanza kuvuma.

Ile namna yake ya kushika kijiti cha kushoto, kiganja kikitazama juu, usihangaike nayo. Ni ya jazz, na jazz ndiyo iliyomlea. Alizaliwa London tarehe 2 Juni 1941, akakulia Wembley. Alipokuwa kijana alinunua banjo, ikamshinda, akaing'oa shingo na kuufanya ule mwili wenye ngozi kuwa snea ya kupiga kwa brashi. Akasomea sanaa Harrow, akafanya kazi ya uchoraji wa matangazo, akapiga na mwanamuziki wa bluzi Alexis Korner, kisha Januari 1963 akaingia Rolling Stones. Hakutoka tena hadi alipofariki tarehe 24 Agosti 2021, akiwa na miaka 80.

Kwa miongo mingi seti yake ilikuwa Gretsch ya mwaka 1957 yenye ngoma nne tu: ya mguu, snea, tom moja juu na moja sakafuni. Kwa hiyo usinunue tom nyingine. Hela hiyo tia kwenye ngozi mpya ya snea.

Jambo jingine ni la bendi nzima. Kwa kawaida wote humfuata mpiga drams, lakini kwa Stones, Charlie alilifuata gitaa la mwenzake Keith Richards, akawa nyuma yake kidogo sana. Mwambie mpiga gitaa wenu aongoze, nawe usikie gitaa lake vizuri kuliko sauti ya mwimbaji.

Kwa kusikiliza, anza na "Honky Tonk Women" ya 1969. Ile kengele ya mwanzo inapigwa na prodyuza wao, Jimmy Miller. Charlie anaingia baada yake, na mwendo unapanda taratibu hadi mwisho. Wakauacha hivyohivyo, na mimi naona walifanya vizuri. Ila usijifunze Charlie kupitia "You Can't Always Get What You Want": humo aliyekaa kwenye drams ni Miller.

Ukifika 100 nirekodie bari chache, simu uiweke upande wa haihati niusikie mkono.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.