Mnalaumu mtihani, na sisi wasahihishaji je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye huu mjadala wa kuwapanga wanafunzi wa chuo kwenye kozi za uandishi kwa maswali ya A, B, C, D, ambayo wengi mnasema ni upuuzi. Mimi hiyo kozi naifundisha, wikendi zangu zinaishia kwenye insha, kwa hiyo niseme ninachokiona.

Tusidanganyane, maswali ya kuchagua si upuuzi. Anayeijua sentensi mbovu akiiona mara nyingi ni mtu anayesoma sana, na anayesoma sana kalamu haimsumbui kivile, ndo maana alama za mtihani na gredi za mwisho huwa zinafuatana. Ila kwa mbali. Watu wa takwimu wakikwambia uhusiano wa alama na gredi ni 0.5, ambapo 1 ni kufuatana kabisa, unadhani ni nusu, kumbe unaizidisha hiyo 0.5 kwa yenyewe unapata 0.25, yaani mtihani umeelezea robo tu ya tofauti za gredi, robo tatu ziko kwingine huko, kwa nani anarudia kazi yake na nani anaandika usiku wa mwisho. Nimewahi kuwa na kijana aliyekosa karibu nusu ya mtihani. Nikamwandikia pembeni ya kila aya "kwa hiyo?", basi akaenda akarudi, rasimu ya nne ukurasa wote wa kwanza kautupa, kaanzia pale alipokuwa na la kusema. Hilo lina swali la kuchagua?

Sasa kinachonikera, hiyo gredi yenyewe tunayotaka itabiriwe imetulia? Mwaka 1961 kule Marekani, Paul Diederich na wenzake wa ETS, shirika la kutunga mitihani, walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakawapa wasomaji 53 wa fani tofauti, gredi ziko 9. Hakuna insha iliyopata chini ya gredi 5 tofauti, na 101 zilipata zote 9. Insha ile ile jamani! Na mimi muhula uliopita nilichomoa insha niliyoipa 14 kwa 20, nikafunika alama, wiki mbili zimepita nikasahihisha upya. 11. Wala sikuwa na njaa.

Mtasema basi waandike insha humo humo kwenye mtihani. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo Marekani, walijaribu, 2005 wakaweka insha ya dakika 25, 2016 ikawa ya hiari, 2021 wakaitoa. Insha moja ya haraka haraka inakuonyesha siku ya mtu tu.

Mimi naona mtihani ubaki kama fununu, mwanafunzi aandike insha mbili siku mbili, wasahihishe watu wawili na asiwepo wa kuchungulia alama ya mwenzake, halafu wiki za mwanzo aruhusiwe kuhama darasa akiona kapangwa kusiko. Najua itakula muda, na muda wenyewe ni wetu walimu.

Yule mwenye insha nilimwachia 14 yake.

Mwalimu wa uandishi