Kabla hujakitupa hicho cha kushoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, hivi vya bei ya chini, ni vya kutumia miezi mitatu na kutupa. Mimi ninayo jozi moja isiyo hata na jina la maana, ina herufi tatu na namba tu mgongoni mwa kikasha chake cha kuchajia, na sasa inaingia mwaka wa tatu. Wala siidekezi. Kazi yangu ni kuchapa mikutano na mahojiano yaliyorekodiwa, kwa hiyo tangu asubuhi hadi jioni sikio langu moja lina kazi.

Hata hivyo ninamwelewa, kwa sababu nami nilibakiza kidogo tu niitupe. Haijatimiza miezi minne, cha kushoto kikanyamaza. Nikakirudisha kwenye kikasha, kikalala humo usiku kucha, asubuhi kimya vilevile. Nilikuwa nimeshakishika mkononi kuelekea kwenye pipa la taka pale binti yangu aliponiomba akitazame. Akakisogeza chini ya taa ya meza, akamulika na simu kabisa, akaniambia, “Mama, hiki hakijafa, hiki kina njaa. Tazama hapa.”

Kwenye vipokea sauti vingi vya aina hii, kila kimoja kina vidoa viwili vidogo vya chuma. Hivyo ndivyo mdomo wake wa kulia chaji. Vya kwangu vilikuwa vimefunikwa na ukoko wa kijani kibichi, kama ule unaoota kwenye sarafu ya zamani. Binti alichovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akakikamua hadi kikabaki na unyevu tu, akasugua taratibu. Palipogoma alitumia ncha ya kijiti cha meno cha mti, si pini. Kisha akageukia kikasha. Mle ndani, kwenye kila shimo, kuna visindano viwili vya rangi ya dhahabu vyenye springi chini yake. Ukivibonyeza vinazama, ukiachia vinapanda. Kimoja kilikuwa kimezama na kugoma kupanda. Alikichezesha mara tatu nne, kikaruka. Tukarudisha kipokea sauti, taa nyekundu ikawaka. Basi, ugonjwa wote ulikuwa huo.

Ukoko ule unatokana na jasho. Jasho ni maji ya chumvi, na sisi tuna tabia ya kuvua kipokea sauti kikiwa kimelowa na kukitumbukiza moja kwa moja kwenye kikasha. Pale pana umeme unaosubiri kukichaji. Chumvi, unyevu na umeme vikikutana juu ya chuma chembamba namna ile, chuma kinalika. Siku hizi nafuta kila nikivua, kwa ncha ya kanga au chochote kikavu kilicho karibu, na kama nimetoka kutembea kwa kasi naviacha mezani kwa dakika kumi ndipo nafunga kifuniko. Watu wengine wanajitetea kwamba boksi limeandikwa IPX4, alama ya kinga dhidi ya maji. Hiyo 4 inahusu maji ya kurukiwa tu, haihusu kuzamishwa, na mara nyingi inasemwa juu ya vipokea sauti vyenyewe huku kikasha kikiwa hakina kinga yoyote.

Uchafu huohuo una hila nyingine ambayo ilinichukua muda kuigundua. Katika vingi vya aina hii, kipokea sauti hujua kimewekwa ndani kwa kugusana na vile visindano, na hapo ndipo kinajizima. Kisipogusana vizuri hakijui kama kimefika nyumbani. Kinabaki macho humo kwenye giza, kimeungana na simu yako, kinajila chenyewe. Ukiona unapiga simu na humsikii mtu, sauti yote imekwenda kuongea ndani ya kikasha mfukoni mwako, usiilaumu simu. Futa vile vidoa.

Kuna wanaolalamika kwamba upande mmoja umepungua sauti, wakahitimisha kwamba spika imekufa. Samahani kwa wanaosoma gazeti wakiwa mezani, lakini hiyo kwa kawaida ni nta ya sikio. Vua kile kimpira, uone kiwavu kilicho chini yake. Mimi nakielekeza chini, nasugua kwa mswaki laini uliokauka kabisa, ili kinachong'oka kianguke nje badala ya kuingia ndani. Usichokonoe kwa sindano, utatoboa kiwavu, na spika iko nyuma yake tu. Kimpira chenyewe kioshe kwa maji na sabuni, ukikaushe hadi ndani.

Upande wa betri sitaongopa: hiyo inazeeka, ufute usifute. Betri ya simu nyingi za leo ni kama miliampea-saa 5,000, kipimo cha chaji inayobebwa. Ya kipokea sauti kimoja mara nyingi iko kati ya 30 na 60. Kwa kitu kidogo hivyo, mizunguko ya chaji, yaani kujaa na kuisha, inakwisha upesi, na betri za lithiamu huanza kuonyesha uchovu baada ya mizunguko kama 300 hadi 500. Mimi nilichofanya ni kuacha kuvaa vyote viwili kazini. Mahojiano hayahitaji masikio mawili. Asubuhi kinafanya kazi cha kulia, mchana cha kushoto, mwenzake akipumzika kwenye kikasha, kwa hiyo kila kimoja kinachoka nusu. Sauti naiweka chini ya nusu, na hilo nalo linapunguza ulaji wa chaji.

Joto ni adui mbaya kuliko matumizi. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, dirisha la jua la mchana, chini ya mto huku kikichajiwa: epuka zote tatu. Na ukijua hutavitumia kwa mwezi mzima, usiviache vimekauka chaji kabisa. Lithiamu ikishuka chini mno, saketi ya ulinzi inafunga mlango na pengine haifungui tena. Nusu chaji, mahali pa baridi, halafu uvikumbuke mara moja moja.

Kuna jambo la chaja linalowachanganya wengi, nami lilinichanganya. Nilinunua chaja mpya, ile ambayo waya wake una USB-C pande zote mbili, nikachomeka kikasha, kimya. Nikajua ndiyo basi. Kumbe baadhi ya watengenezaji wa vitu vya bei nafuu huruka rezista mbili ndogo kwenye tundu la kikasha, ambazo kazi yake ni kuiambia chaja ya namna hiyo kwamba kuna kitu kinahitaji umeme. Chaja isipoambiwa haitoi kitu. Nikarudi kwenye chaja ya zamani yenye tundu pana la mstatili, volti 5 za kawaida, taa ikawaka palepale. Tangu siku ile waya wa zamani haugusi mtu nyumbani kwangu.

Sasa kwa watengenezaji, kama wanasoma barua hizi. Mnatia kwenye boksi karatasi yenye lugha nane kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, inayonionya nisimeze kipokea sauti, lakini hakuna hata mstari mmoja unaosema nifute vidoa vya chaji. Na mbona mnavifunga kwa gundi? Betri ni kitu tunachojua tangu siku ya kwanza kwamba kitachoka, nanyi mnakiziba mahali ambapo hata fundi mvumilivu lazima apasue ganda ndipo akifikie.

Kitu kimoja tu ndicho nisichojaribu kuokoa: kipokea sauti kilichovimba hadi maungio yameachana, au kinachopata joto kali kikichajiwa. Hicho sikichaji tena wala sikichomi na taka; nakipeleka wanakokusanya taka za umeme.

Cha kulia sasa kinanipa kama dakika hamsini. Cha kushoto, kilekile kilichokaribia pipa la taka, kinavuka saa moja na nusu.

Mchapaji,
(jina langu unalo, Mhariri, naomba lihifadhiwe)