Njoo Umwone Mke Wangu

14 Novemba 1948

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, na shikamoo yangu umfikishie mama. Nimerudi Marekani mwezi uliopita, na safari hii jeshi nimeliacha kabisa.

Najua hukuelewa kwa nini nilijiandikisha tena mwaka 1946. Wewe alama zako za utumishi jeshini zilitimia 85 zilizotakiwa ili mtu aruhusiwe kurudi nyumbani, ukawahi kurudi na kazi ukapata. Mimi nilikaa uraiani nikitegemea zile dola 20 kwa wiki wanazopewa askari wasio na kazi, naamka sina pa kwenda. Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Kambini angalau nililala kati ya watu walioona tuliyoyaona. Sikurudi kwa kupenda vita.

Walinipeleka Frankfurt, na huko ndiko nilikompata mke wangu, mkalimani wa ofisini kwetu. Ndiyo, ni Mjerumani. Ndoa za namna hii zilikatazwa hadi Desemba 1946, na hata baada ya kuruhusiwa, makaratasi yalitutoa jasho: kibali cha kamanda, mahojiano na kasisi, vipimo vya daktari, kisha lile dodoso refu la kuuliza kama aliwahi kuwa katika chama cha Nazi. Hakuwamo. Alilijaza mbele yangu, mkono ukimtetemeka.

Juni mwaka huu pesa ilipobadilishwa, kila mtu akapewa mark 40 mpya, na kesho yake maduka yaliyokuwa matupu yakajaa bidhaa. Alilia kwa hasira. Kumbe vitu vilikuwapo, vimefichwa, wakati mama yake anauza pete yake ya ndoa apate viazi!

Tulipanda meli Bremerhaven. Sheria inayowaruhusu wake za askari kuingia nchini inakwisha Desemba, kwa hiyo hatukuthubutu kungoja.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kaka yako alizikwa kule, na siku ile nilikuwapo. Mke wangu anajua, nimemweleza yote. Naomba uje umwone mwenyewe kabla hujasikia ya watu. Hapa wapo wasioitikia salamu yake, na nimeshagombana nao. Hao nitawavumilia. Wewe ukimkataa, nitaumia sana.

Kama ni zito kwako, niambie waziwazi. Nitakuja kwanza peke yangu, tukae mimi, wewe na mama, tuzungumze.

Wako daima,
Rafiki yako