Usimuulize Ameupata Wapi

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Juzi niliikata simu yako upesi kwa kuwa uliyoniuliza hayakufaa kujibiwa mbele ya wajukuu, ndipo nikaona heri nikuandikie. Ulitaka kujua mkaza mwanangu ameupata wapi ugonjwa huo, maana majibu ya kipimo yanasema ana virusi vya HPV, vile vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Katika miaka yangu ya uuguzi nimelisikia swali hilo kwa waume wengi, na ni wachache mno waliojiuliza wenyewe.

Kwanza, hayo majibu si ya saratani. Ni virusi ambavyo takriban kila mtu aliyewahi kujamiiana huvipata wakati fulani maishani, na aghalabu mwili huviondoa wenyewe kabla ya miaka 2 kupita. Vinapokataa kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo husababisha saratani 7 hivi katika kila 10 za mlango wa kizazi, huzibadilisha chembechembe polepole, na mpaka saratani ijitokeze yaweza kupita miaka 15 hata 20, ingawa kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajatibiwa muda huo hufupika sana. Kwa hivyo hakuna daktari awezaye kukwambia viliingia nyumbani mwenu mwaka gani wala vililetwa na nani. Yumkini ni wewe, tena tangu kabla hujamposa, kwa sababu mwanamume huvibeba bila kidonda wala maumivu, na hana kipimo cha kawaida cha kumwonyesha kwamba anavyo. Kazi yote ya kupimwa imemwangukia mwanamke. Usimzidishie na tuhuma.

Daktari amemtaka arudi hospitali ya Makadara, nawe nenda naye. Watampaka siki kwenye mlango wa kizazi, na pakionekana mabaka meupe, dalili ya chembechembe zilizoanza kubadilika, huenda wakayatibu papo hapo kwa kuyagandisha au kwa kuyachoma kwa joto, jambo la dakika chache tu. Akishatibiwa atatokwa na majimaji kwa muda, na kwa mwezi mmoja hivi hamtakutana kimwili, ili kidonda kipone. Hapa ndipo waume huharibu, mwanangu. Nimewaona wanawake waliokataa kutibiwa siku hiyo, wakasema watarudi baada ya kuzungumza na mume, na wengine sikuwaona tena. Mkeo asilazimike kukuomba mwezi huo. Umpe kabla hajafungua kinywa, na uwaambie dada zako wasije na maswali yao.

Usijifariji kwamba umetahiriwa. Tohara hupunguza hatari lakini haiiondoi, na kondomu vilevile, kwani virusi hivi hupita hata kwenye ngozi isiyofunikwa. Aliye na wanawake wengine nje huvichukua na kuvirudisha nyumbani, na hilo sitalifafanua zaidi, wewe ni mtu mzima.

Liko pia suala la mjukuu wangu, aliyetimiza miaka 10. Mkeo ameniambia kuwa umekataa achanjwe dhidi ya virusi hivi kwa sababu wenzako kwenye baraza ya kahawa wamesema chanjo hiyo itamfunga kizazi. Chanjo hiyo haina virusi hai, wala haifungi kizazi cha mtu. Kinachomfanya mwanamke atolewe mfuko wa uzazi ni saratani yenyewe. Serikali iliizindua chanjo hiyo hapa hapa Mombasa Oktoba 2019, na wasichana wa umri wake huchanjwa bila malipo. Hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi, ndiyo maana haingoji aolewe, wala haimaanishi kwamba unamruhusu lolote. Hao wa barazani hawatakuwapo siku atakapoihitaji.

Siku ya kwenda hospitali watoto waleteni kwangu usiku wa kuamkia, ili msipambane na foleni ya feri pamoja nao. Mkeo avae dera pana, na wewe ukae naye mpaka aitwe.

Mamako