Masjala si jalala

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako na kunyamaza, lakini ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya ofisi kuachana na makaratasi, imenishinda. Mwandishi wenu kaisifu kompyuta mwanzo mwisho, halafu masjala, pale barua na majalada ya ofisi yanapotunzwa, akaiita chumba cha vumbi. Chumba hicho nimekitumikia miaka 29, tangu nilipotoka Chuo cha Uhazili Tabora. Vumbi lilikuwepo, sikatai. Barua kupotea, hapana.

Mwezi jana nilikwenda ofisi moja ya umma kufuatilia barua yangu ya kiwanja. Kijana wa mapokezi, shikamoo hana, akaniambia, "Mzee, mtandao hakuna, njoo kesho." Kesho yake mtandao upo, barua haipo. Nani aliipokea? Hajui. Ilikwenda kwa nani? "Ilirushwa kwenye grupu la WhatsApp." Grupu, Mhariri! Sisi barua ikiingia ilipigwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa kwenye rejista, ikapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwa wino mwekundu na kufungwa humo. Kisha nafungua upande wa kushoto, naandika dokezo: "Folio 14 yahusika. Naomba maelekezo." Saini, tarehe. Bosi akililalia jalada siku kumi, tarehe yangu inamsuta kila anapolifungua. Tarishi naye akipeleka barua idara ya pili, harudi bila saini ya mpokeaji kwenye kitabu chake. Nani angethubutu kusema hakuiona? Leo mtu anakwambia hakuiona, na tiki mbili za bluu zinamtazama!

Na makaratasi yenyewe hawajaachana nayo. Niliambiwa nikaandike barua upya, niichapishe steshenari ya ng'ambo ya barabara, shilingi 500 ukurasa, niilete mkononi. Simu ya mezani pale mapokezi imefunikwa kipande cha kitenge kama maiti. Nilifunua, haina hata waya.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 sijasikia kama imefutwa. Basi wawekeni mlangoni kaunta buku moja nene, lile la kwaya tatu, kalamu iliyofungwa uzi kwenye mguu wa meza, na karani anayejua kuandika saa, si tarehe tu. Bajeti ikiwa ngumu, kaunta buku nitanunua mimi. Uzi watafute wenyewe.

Karani mstaafu,
Morogoro