Kabla hujampa fundi wa madirisha kianzio

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi, na shukrani kwa zile bei ulizonitumia za mafundi wa kung'oa madirisha yenu ya mbao na kufunga ya aluminiamu. Najua moyo wako umeshamwangukia yule wa bei ya chini, na mwezi wa karo ni mwezi wa karo, sikulaumu. Ila soma tena alichoandika: bei ya mita moja ya mraba, basi. Hakusema kioo cha milimita ngapi, hakusema profaili, yaani vile vipande vya aluminiamu vya fremu, ni ya unene gani, hakusema nani atarudishia plasta akishabomoa. Bei ya namna hiyo huwa ndogo siku ya kwanza, kisha kila siku inazaa kidogo.

Ninachokuomba kabla ya yote ni kimoja. Kila fundi akupeleke kwenye nyumba ambayo alifunga madirisha kabla ya masika iliyopita. Picha za kwenye simu usizihesabu, maana dirisha lolote lililofungwa jana linapendeza. Dirisha lililokwisha kunyeshewa msimu mzima ndilo linalomsema fundi. Ukifika, ingia ndani utazame ukuta chini ya dirisha na kwenye pembe zake. Rangi iliyotutumka, au mchirizi wa kahawia unaoshuka, ni maji hayo. Kisha sukuma kioo kwa mkono mmoja. Kioo cha milimita 5 chenye ukubwa wa mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 12 na nusu, bado fremu yake, na kwenye dirisha la slaidi, yaani la kusukuma pembeni, uzito wote huo unabebwa na virola, vigurudumu vidogo vya chini. Virola vikiwa dhaifu, kioo kinakwaruza na kukwama mapema. Mwisho, zungumza na mwenye nyumba fundi akiwa mbali. Muulize: ulipompigia simu baada ya kumlipa, alirudi? Mimi jibu la swali hilo nalithamini kuliko cheti, ingawa cheti cha VETA, cha mafunzo ya ufundi, ukiulizie pia. Na ile kampuni yenye ofisi, iulize usajili wake kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Anayejiita mkandarasi anatakiwa awe nao.

Hapa Tanga jirani yetu alifungiwa madirisha mazuri ya slaidi, meusi, yanang'aa. Mvua ya kwanza ya upepo, maji yakajaa kwenye reli ya chini na kumwagikia sebuleni. Fundi hakutoboa yale matundu madogo ya upande wa nje yanayotoa maji kwenye reli. Kazi ya dakika chache kwa drili! Jirani akaambiwa aongeze silikoni, akaongeza, na silikoni ikazidi kuyafungia maji ndani. Kwa hiyo kwenye nyumba utakayotembelea, toka nje, inama, tafuta hayo matundu. Na mmwulize fundi mwenyewe maji ya kwenye reli yanatokea wapi. Anayejua kazi atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri.

Halafu nyie mko Kigamboni, bahari inawapulizia chumvi mchana na usiku. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini ukiikaza kwa skrubu za chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi, skrubu inaoza na aluminiamu inayoizunguka inaliwa, inatoa unga mweupe. Sema mapema unataka skrubu za stenilesi, na uende na kasumaku. Skrubu ya chuma cha kawaida itairukia sumaku. Stenilesi nzuri haishiki, au inashika kwa mbali sana. Profaili nayo omba kipande kilichokatwa upime unene wa ukuta wake. Mimi nisingekubali chini ya milimita 1.2. Kioo kipime kabla hakijaingia kwenye fremu, kwa sababu kikishavalishwa raba, cha milimita 3 na cha milimita 5 jicho haliwezi kuvitofautisha.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi: grili. Hiyo nyumba mliyonunua ni ya zamani, na nondo zake zimechomekwa ndani ya fremu za mbao. Fremu ikitoka, nondo zinatoka nazo, na ukuta unamegeka pande zote. Kabla hamjakubaliana chochote, ijulikane nani anatengeneza grili mpya, nani anapiga plasta, nani anapaka rangi. Usikubali wang'oe madirisha yote kwa siku moja. Wamalize chumba kimoja, kifungike, kiwe na grili, ndipo waingie kingine. Usiku nyumba isilale wazi, na wajukuu zangu wamo ndani. Hizo fremu kuukuu, kama ni mninga au mkongo, ni mali. Andika kwamba zinabaki kwako, kwa sababu mafundi wengi huziona ni takataka zao.

Slaidi siikatai, ila kumbuka inafunguka nusu tu. Nusu nyingine kioo kinasimama palepale. Kwa joto la Februari, vyumba vya kulala ningeweka ya kufunguka nje yote, grili ikae ndani, na wavu wa mbu uwe wa kutolewa na kuoshwa. Zungumza na mkwe wangu, najua anapenda slaidi.

Vipimo avichukue fundi atakayefunga, si kijana aliyetumwa. Kuta za zamani hazijanyooka, kwa hiyo kila uwazi upimwe juu, katikati na chini, na fremu ikatwe kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Anayepima mara moja tu na kuondoka, atakuja kuziba mapengo kwa silikoni.

Kuhusu fedha, atakuomba karibu zote mwanzoni, atakwambia ni za vifaa. Mwambie mtakwenda dukani pamoja, wewe utalipa dukani, upewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako. Fedha ya ufundi ilipe kwa awamu, chumba kwa chumba, na sehemu nzuri ibaki mpaka mmwagie kila dirisha maji kwa mpira kutoka nje, mmoja wenu akiwa ndani anatazama. Makubaliano yote yaandikwe: aina ya kioo, unene, skrubu, grili, plasta, siku ya kumaliza, na muda ambao atarudi bila malipo dirisha likivuja. Nakala ya kitambulisho chake iambatane, na mkasaini ofisi ya serikali ya mtaa. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Mkianza mwezi huu mtamaliza kabla ya masika. Rasimu ya hayo makubaliano ukishaiandika, nipigie picha unitumie kabla hujasaini, nitaisoma usiku huohuo. Baba yako anasema anaweza kuja kukaa nanyi siku za kung'oa, ili mafundi wasibaki peke yao mkiwa kazini. Nijibu kama chumba cha uani kina kitanda.

Wabusu watoto.

Mama yako